Sonona ya siku tatu: namna ya kuitambua, kuiandika na kujipanga kabla haijarudi

Sonona inayofahamika zaidi hukaa. Ili daktari aiandike kwenye faili, dalili zinatakiwa ziwe zimedumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku. Ipo nyingine isiyofikisha muda huo. Mtu analala mzima, anaamka kifua kimebanwa na dunia haina ladha. Inamshika siku 2, 3 au 4, kisha inaondoka. Baada ya wiki tatu au tano inarudi. Ndani ya siku hizo chache ukali wake ni uleule wa sonona ndefu, na katikati ya kipindi na kipindi mtu anakuwa mzima kabisa, anacheka, anafanya kazi, anadai madeni yake sokoni.

Aliyeieleza kwa mapana ni Jules Angst, daktari wa magonjwa ya akili wa Zurich, Uswisi, kutokana na utafiti uliofuatilia vijana wa huko kuanzia 1978. Toleo la 10 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani liliipa nafasi chini ya namba F38.1, kama sonona fupi inayojirudia: vipindi vya chini ya wiki 2, mara nyingi siku 2 au 3, vinavyorudi takriban kila mwezi kwa mwaka mzima, na mtu kupona kabisa katikati. Mwongozo wa Marekani, ambao madaktari wengi pia huutumia, unataka siku 2 hadi 13, angalau mara moja kwa mwezi, miezi 12 mfululizo, na visiwe vinafuata hedhi.

Shida yake kubwa ni ya kalenda. Siku mgonjwa anapopata nafasi, nauli na nguvu ya kwenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kipindi kimeshaisha. Anakaa mbele ya daktari akiwa mzima, anajibu maswali kama mtu mzima, anarudishwa nyumbani. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inategemea daftari: ndilo linalobeba siku mbaya hadi kwenye chumba cha daktari.

Kabla ya yote: mawazo ya kufa

Hatari ya kujiua haipimwi kwa urefu wa kipindi. Sonona hii inaingia haraka kiasi kwamba wa nyumbani hawajapata muda wa kushtuka, na mwenyewe anaamini haitaisha, ingawa mara zote zilizopita iliisha. Kama mawazo hayo yapo leo, usijifungie chumbani. Mwambie mtu mmoja kwa maneno ya wazi, kisha mwende hospitali iliyo karibu hata kama ni usiku. Dharura haisubiri barua ya rufaa. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199, ya dharura ya polisi ni 112, na ya watoto ni 116.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo huwafunga watu midomo. Kumwambia mhudumu wa afya kwamba unawaza kufa si jaribio. Mwambie.

Jambo la pili lifanyike siku ambayo uko vizuri: viuatilifu vya zabibu na alizeti, dawa ya panya na akiba ya vidonge vitoke ndani ya nyumba. Vya shamba vikae kwa jirani au kwenye stoo yenye kufuli, na ufunguo awe nao mtu mwingine. Msukumo mkali wa kujiua mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya saa chache, wakati mwingine dakika. Kizuizi chochote kinachozila saa hizo kina thamani kuliko mawaidha marefu.

Hatua ya 1: Hakikisha unachokiona ni kipindi

Siku moja ya kununa baada ya kugombana na shemeji haihesabiwi. Kipindi kina hali mbaya inayoshika sehemu kubwa ya siku, siku 2 au zaidi mfululizo, na kinakuwa na walau dalili 5, moja kati yake ikiwa huzuni nzito au kukosa hamu ya kitu chochote. Nyingine ni usingizi kukatika au kuzidi, chakula kutopita au kula bila kipimo, kuchoka bila kazi, mwili kuwa mzito au kutotulia, kujilaumu kupita kiasi, akili kutoshika jambo hata kuhesabu chenji, na mawazo ya kifo.

Huku kwetu wengi hawaanzi na huzuni wanapojieleza. Wanasema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mgongo unauma, mwili umekufa ganzi, "nina mawazo mengi". Maelezo hayo ni ya kweli na yaandikwe hivyohivyo. Angalia tu kama yanakuja na kuondoka pamoja na zile dalili nyingine.

Hatua ya 2: Daftari

Daftari la shule la kurasa 80 linatosha. Chora mistari kwenye kurasa za mwezi mmoja, ukiipa kila siku mstari wake. Andika saa ileile kila siku, kwa mfano saa 3 usiku baada ya chakula, na isizidi dakika 2. Ukiifanya kazi ya nusu saa utaiacha kabla wiki haijaisha.

Kwenye kila mstari weka:

- tarehe;
- alama ya hali ya moyo, 0 hadi 10, ambapo 5 ni siku yako ya kawaida, 0 ni chini kabisa, na 10 ni juu kupita kiasi;
- saa ulizolala usiku uliopita;
- kazi: N (nilifanya), K (kidogo), S (sikufanya);
- pombe, kwa chupa au glasi;
- dawa yoyote, hata ya kichwa;
- kwa mwanamke, siku ya hedhi: H1, H2 na kuendelea;
- herufi M kama mawazo ya kufa yalipita;
- tukio, maneno yasiyozidi matano.

Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: 11/4, alama 1, usingizi saa 3, S, pombe 0, dawa 0, M, simu ya mwenye nyumba.

Kuiweka 5 kuwa siku ya kawaida kuna sababu. Watu wengi wanaojitengenezea kipimo huweka 10 kuwa furaha, matokeo yake hakuna pa kuandika siku zilizopitiliza: ulizolala kwa saa 3 tu na huchoki, ukaongea bila kituo, ukatumia hela ya ada kununua bidhaa usizozihitaji, ukaahidi watu kumi mambo kumi. Siku hizo zikiwepo, tiba inabadilika kabisa, na daktari asipoziona anaweza kukupa dawa isiyokufaa.

Yanayoharibu daftari ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kujaza wiki nzima siku ya Jumapili: anayekumbuka akiwa mzima hupunguza ukali, anayekumbuka akiwa chini huona wiki yote ilikuwa giza. Ukisahau siku, iache wazi. La pili ni kuandika siku mbaya tu, hapo huwezi kujua ulikaa siku ngapi ukiwa mzima. La tatu ni kuipa alama siku badala ya moyo: umepokea mshahara, unaandika 8, kumbe ulikuwa umelala kitandani ukiangalia ukuta. La nne ni faragha. Nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na choo kimoja haina siri. Tumia namba na herufi bila maelezo, au andika kwenye simu yenye nywila.

Usingoje daftari likamilike ndipo uende hospitali. Miezi 12 ni sharti la kuipa hali hii jina rasmi. Msaada huanza hata daftari likiwa na wiki 3.

Hatua ya 3: Lisome kwa kuhesabu

Kipindi kinaanza siku ya kwanza yenye alama 2 kushuka chini, na kinaisha siku moja kabla alama haijarudi 4 au zaidi. Chukua mfano wa daftari lenye vipindi hivi: Januari 9 hadi 11, Januari 30 hadi Februari 2, Machi 3 hadi 4, Aprili 11 hadi 15. Urefu ni siku 3, 4, 2 na 5, jumla siku 14 kati ya 120. Kutoka mwanzo wa kipindi hadi mwanzo wa kinachofuata ni siku 21, kisha 32, kisha 39. Hakuna kilichokaribia wiki 2, na nafasi kati yake hazilingani.

Kutolingana huko kuna maana. Kama wewe ni mwanamke na kila kipindi kinaangukia wiki moja kabla ya H1 na kuisha siku chache baada ya damu kuanza, hiyo ni hali nyingine, inayofungamana na hedhi, na ina tiba yake. Mizunguko 2 kamili iliyoandikwa siku kwa siku inatosha kuitofautisha. Kumbukumbu haitoshi, hata ya mtu makini.

Kama vipindi vinaangukia Jumapili na Jumatatu baada ya mwisho wa wiki wa pombe, iwe bia, mvinyo au pombe ya mtama, acha kabisa wiki 4 kisha uhesabu upya. Ila kama umekuwa ukinywa kila siku kwa muda mrefu, na asubuhi mikono inatetemeka, usikate ghafla ukiwa nyumbani. Pitia hospitali kwanza, kwa kuwa kukata ghafla kunaweza kuleta degedege.

Kama alama haipandi 5 hata siku zinazoitwa nzuri, na mwaka wa pili unaisha, huenda ni sonona ya kudumu ya kiwango cha chini ambayo mara kwa mara inazama zaidi. Na kama kuna siku 4 au zaidi mfululizo za alama 8 kwenda juu pamoja na usingizi mdogo, mweleze daktari hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Mtego wa siku ya tatu

Hapa ndipo fedha nyingi na miaka mingi hupotelea.

Kipindi kinaisha chenyewe. Kwa hiyo chochote ulichofanya siku ya pili au ya tatu kitaonekana ndicho kilichokuponya. Dawa mseto ya malaria ni mfano safi kuliko yote: dozi yake ni ya siku 3. Mtu anaamka mwili mzito, kichwa kinauma, hali chakula. Ananunua dozi duka la dawa bila kupima, anamaliza siku ya tatu, anasimama mzima. Anaapa ilikuwa malaria. Mwezi unaofuata anarudia. Vivyo hivyo dawa ya taifodi, ya "yuetiai", dripu ya maji. Kabla ya dawa ya malaria dai kipimo cha haraka cha damu, na majibu yakiwa hakuna, andika hivyo kwenye daftari. Vipimo vitatu visivyo na malaria katika vipindi vitatu ni ushahidi unaofaa kumwonyesha daktari.

Mtego haubagui. Maombi ya usiku, maji ya baraka, kuku wa mganga, safari ya kwenda kupumzika kwa mama Kongwa, kuhama chumba Nkuhungu kwenda Ipagala, kuvunja uchumba, kuacha kazi: vyote vimewahi kusifiwa kwa kazi iliyofanywa na kalenda. Sala inayompa mtu faraja haina sababu ya kuachwa. Sababu ya kugoma ipo pale unapoambiwa utupe dawa za hospitali, ufunge kula siku saba ukiwa umekonda, au uuze mbuzi watatu kwa kuwa "safari hii imetoka".

Kanuni ya kupima tiba yoyote, ya kizungu au ya kienyeji, ni hii: usitazame kama kipindi kimeisha, tazama kama kimechelewa kurudi. Hesabu siku za alama 2 kushuka chini katika miezi 3 kabla ya tiba na miezi 3 baada yake. Zikiwa 12 kabla na 11 baada, hakuna kilichobadilika, hata kama aliyekutibu ni mtu wa heshima.

Hatua ya 4: Vipimo, na mahali pa kuanzia

Anza zahanati au kituo cha afya. Kwa wa mjini Dodoma, Makole ni mfano. Omba kupima wingi wa damu, malaria, sukari, shinikizo la damu, VVU, na mimba kwa anayeweza kuwa nayo. Kipimo cha tezi ya shingo kwa kawaida hupatikana hospitali kubwa. Upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi vizuri huleta uchovu na huzuni, ingawa kwa kawaida haviji siku tatu na kuondoka. Vinapimwa ili visije vikawa vinaongeza mzigo. Taja dawa zote unazotumia: sindano au vidonge vya uzazi wa mpango, za presha, za VVU, za kifafa, predinisoloni. Usiache yoyote mwenyewe.

Kutoka hapo, mlango wa afya ya akili ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa (wenyeji huiita Jenero), Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), au Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Wa Manyoni na Singida waanzie hospitali zao za wilaya na mkoa. Kama unatumia bima, uliza mapema iwapo kadi yako inahitaji barua ya rufaa, usije ukapoteza nauli ya Mpwapwa au Kondoa.

Jina la Mirembe hutumika mitaani kama tusi, na watu wengine huendelea kuumia nyumbani wakilikwepa. Wanaohudhuria kliniki ya nje huonwa na kurudi kwao siku hiyohiyo. Isanga ni kitengo tofauti, cha wanaoletwa kwa amri ya mahakama. Kwenda kliniki hakukupeleki huko.

Ukiingia kwa daktari, dakika ya kwanza ndiyo yenye kazi. Usianze na "najisikia vibaya", kwa maana atakutazama na kuona mtu mzima. Sema: "Daktari, leo niko vizuri. Nimekuja kwa ajili ya hizi siku 14 nilizoziandika. Zinakuja ghafla, zinakaa siku mbili hadi tano, na siku tatu kati yake niliwaza kufa." Kisha mpe daftari.

Huenda ukapewa dodoso la maswali 9 linaloitwa PHQ-9. Linauliza kuhusu wiki 2 zilizopita, na kila swali lina alama 0 hadi 3 kulingana na wingi wa siku, jumla ikifikia 27. Alama 10 ndiyo inayochukuliwa mara nyingi kuwa mpaka wa kumfuatilia mtu. Sasa piga hesabu: aliyeumwa siku 3 tu ndani ya wiki 2 atajibu "siku kadhaa", yaani alama 1, kwa kila swali. Hata akiwa na dalili zote 9, anapata 9. Dodoso halijakosea, ni kwamba halikutengenezwa kwa ugonjwa wa siku tatu. Liombe lijazwe pia kwa kufikiria siku mbaya zenyewe, na daktari aandike kuwa limejazwa hivyo.

Hatua ya 5: Tiba, na cha kutegemea kwayo

Hakuna dawa iliyothibitishwa mahususi kwa vipindi vifupi vinavyojirudia. Fluoksetini ilijaribiwa miaka ya 1990 na haikuonyesha kuvizuia kuliko vidonge visivyo na dawa. Hilo halimaanishi daktari akikuandikia anakosea: watu wengi wana vipindi vifupi na pia wamewahi kupata sonona ndefu, au wana wasiwasi mkubwa, na hayo dawa huyasaidia. Muulize swali moja: "Hii inalenga nini, na tutajuaje imefanya kazi?"

Ukipewa, meza kila siku. Dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha nguvu, kwa hiyo kumeza siku mbaya na kuacha siku nzuri ni kupata madhara bila faida. Wiki za mwanzo tumbo linaweza kuvurugika, usingizi ukapungua, na kwa baadhi ya watu, hasa vijana, mawazo ya kujiua yakaongezeka. Mtu wa karibu ajue. Amitriptilini ni ya kawaida kwenye hospitali zetu na ni hatari sana ikizidishwa, kwa sababu huvuruga mapigo ya moyo. Kwa mwenye alama za M, omba upewe ya wiki 1 au 2 kwa mara moja na atunze mwingine. Diazepamu ya kuazima kwa rafiki huleta usingizi leo na utegemezi baadaye. Ikichanganywa na pombe inaweza kusimamisha pumzi.

Tiba ya mazungumzo ndiyo tunayoiwekea uzito zaidi, mara nyingi vikao 8 hadi 16, kimoja kwa wiki, dakika 45 hadi 60. Vikao vingi vitaangukia siku nzuri, na hapo watu huacha: "nitamwambia nini, mbona niko sawa?" Siku nzuri ndiyo yenye akili ya kufanya kazi. Nenda na daftari, muanze na kipindi cha mwisho: kilianza saa ngapi, wazo la kwanza lilikuwa lipi, ulifanya nini, nini kilikirefusha.

Hatua ya 6: Karatasi ya siku mbaya

Iandike ukiwa na alama 5, ukurasa mmoja, ibandike ndani ya mlango wa kabati. Siku yenyewe hutapanga lolote, utafuata.

Juu kabisa andika tarehe za vipindi vilivyopita na siku vilipoisha. Akili yenye sonona itakuambia hii haiishi. Bishana nayo kwa tarehe, maneno matamu yaache.

Chini yake weka mambo machache. Kuamka saa ileile ya kila siku, hata kama hukulala. Kuoga. Kutembea dakika 20 kabla jua la Dodoma halijakaza, yaani kabla ya saa 3 asubuhi. Kula mara 3 hata kama ni nusu: uji wa uwele au wa lishe unapita pale ugali na mlenda vinapokataa. Kazi moja ndogo yenye mwisho unaoonekana, kama kufua shati mbili. Pombe hapana. Kulala mchana isizidi dakika 30. Boda na bajaji zisibebe abiria siku ambayo dereva wake amelala chini ya saa 4.

Chagua watu wawili na mkubaliane mapema. Mmoja anapokea ujumbe wako saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Namba tu inatosha, "2" au "1". Ikiwa "0", au ujumbe usipofika hadi saa 3, anakuja mlangoni. Makubaliano yasiyo na saa hayafanyi kazi: kila mmoja hudhani mwingine ameshapiga.

Halafu maamuzi. Ndani ya kipindi na siku 2 baada yake, hakuna kuandika barua ya kuacha kazi au chuo, kuuza kiwanja, kujitoa kikoba, kumwambia mwenzi "kila mtu ashike lake", wala kufuta namba za watu. Yaandikwe ukurasa wa nyuma na yasomwe ukiwa na alama 5. Likibaki la maana, utalifanya siku hiyo.

Kwa mnaoishi naye

Swali linaloumiza kuliko yote ni "mbona jana ulikuwa unacheka?" Jana alikuwa mzima, na ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo. "Jikaze" na "unadeka" humfundisha kuficha, na anayeficha hamtamwona siku ya hatari.

Ulizeni waziwazi: "Umefikia kuwaza kufa, au kujiua?" Swali halimpandikizii mtu wazo. Akisema ndiyo, endeleeni: umewaza namna gani, una kitu hicho karibu, umepanga lini? Mwenye majibu ya yote matatu haachwi peke yake hata kwenda chooni, na safari ya hospitali inaanza wakati huohuo. Kama yuko Chemba au Bahi na usafiri wa usiku hakuna, mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji aamshwe. Huko ndiko pikipiki hupatikana haraka. Wazee wa ukoo wakitaka kikao, kikao kifuate baadaye.

Kazini na chuoni

Siku 3 za kutoonekana kila mwezi husomwa kama utoro. Nenda kituo cha afya siku ya kwanza ukaombe ED, yaani cheti cha kupumzika kazi kwa ugonjwa, hata kama unaona aibu. Kwa walioajiriwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, na cheti cha daktari kinahitajika. Mwajiri hahitaji kujua jina la ugonjwa, anahitaji cheti. Kwa mwanafunzi wa UDOM au chuo kingine, kitengo cha ushauri nasaha kipewe taarifa kabla ya wiki ya mitihani, maana barua inayoandikwa baada ya mtihani kukosekana huwa na vita yake.

Hatua ya 7: Mapitio

Kila baada ya miezi 3 jaza mistari minne: idadi ya vipindi, jumla ya siku, kirefu kuliko vyote, na idadi ya M. Kushuka kwa siku kutoka 14 hadi 8 ni mafanikio hata kama vipindi havijaisha, kwa hiyo msibadilishe tiba kwa haraka. Rudi kliniki kabla ya tarehe yako likitokea lolote kati ya haya: kipindi kimefika siku ya 10 bila dalili ya kuachia, nafasi kati ya vipindi imeshuka chini ya wiki 2, M zimeongezeka, au zimetokea siku 4 mfululizo za alama 8 na zaidi. Kipindi kikifika siku 14, hiyo sasa inatibiwa kama sonona ndefu, na dozi, vikao na cheti cha kazini vyote vinapangwa upya.